Mchi wa Koko Zaina

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule Asha alifagia uwanja. Alianzia mlangoni, akazunguka jiko la nje, akamalizia kwenye ua uliowatenga na jirani yao, Mama Désiré. Upande wa pili Mama Désiré naye alikuwa akifagia, na takataka zake alizisukuma chini ya ua polepole, kama mtu asiyejua anachofanya. Asha alizirudisha. Kisha wakasalimiana vizuri, kwa heshima.

Nyumba yao ilikuwa Kabondo, mjini Kisangani. Papa Yakubu, baba yake Asha, alikuwa karani wa serikali, na alivaa abakosti yake, koti rasmi lisilo na tai, hata siku za joto kali. Baba mdogo wa Asha, Tonton Zuberi, alibeba mizigo kwenye uwanja wa ndege wa Bangboka na aliyazungumzia mambo yote ya dunia kama mambo ya ndege. Alikuwepo Mama, na alikuwepo Koko Zaina, mama mzazi wa Papa. Watoto wengi wa Kisangani humwita nyanya yao Koko.

Koko Zaina alikuja kutoka Maniema akiwa msichana, na kwa miaka mingi sombe yake, mboga ya majani ya muhogo yaliyotwangwa, ilisifiwa mpaka mtaa wa mbali. Lakini uzee ulimletea ugonjwa wa kusahau. Jioni Papa aliporudi kazini, Koko alimkaribisha kiti kama mgeni na kumuuliza kama safari ilikuwa nzuri. Papa alijibu kwamba ilikuwa nzuri, isipokuwa vumbi. Siku moja Koko alipika maharage pamoja na kofia ya Tonton Zuberi. Tonton alipoiinua kwa mwiko, ikidondosha mchuzi, Koko ndiye aliyecheka kuliko wote.

"Nilisema nyama hii ni ngumu!" alisema, akajifuta machozi kwa ncha ya kikwembe alichojifunga.

Basi waliishi hivyo, wakicheka naye. Mpaka siku alipoacha sufuria motoni ikaungua, na moshi ukaingia kwa Mama Désiré.

"Mama Asha," Mama Désiré aliita kutoka nyuma ya ua, "mimi sisemi kitu. Mimi ni rafiki yako. Lakini batu banasema unamutumikisha muzee kama boyi. Mama-mkwe anatwanga, mukwe anakaa! Batu banasema, si mimi."

Mama aliona aibu mpaka akaingia ndani. Katika mtaa ule, mke ambaye mama-mkwe wake anaonekana na mchi mkononi hana pa kuuficha uso wake. Toka siku ile Koko alinyang'anywa kazi zote. Mama alichukua mchi, Asha alichukua ufagio wa ndani ya nyumba, na Tonton Zuberi alileta kiti kizuri chenye mikono, akakiweka barazani.

"Koko, kaa," walimwambia. "Umefanya kazi ya kutosha. Pumuzika."

Koko alipoinuka, waliruka watu watatu kumkalisha. Alipotaka kuchambua mchele, Asha aliuondoa ungo mbele yake. "Acha, Koko, utamwaga," alisema kwa upole, na alijiona mtoto mwema sana. Mama Désiré alichungulia, akakuta muzee amekaa kama malkia, akakosa la kusema. Mama alifurahi.

Lakini kidogo kidogo Koko akaacha kucheka. Akaacha kumuuliza Papa habari za safari. Akakigeuza kiti chake kizuri, akawa anatazama ukuta. Asubuhi macho yake yalikuwa mekundu, na hakutaka kuoga wala kusuka nywele. Mwisho akaanza kusukuma sahani. Mama alimpikia wali, akasukuma. Alimpikia samaki, akasukuma. Kikwembe kilichokuwa kikimtosha kikamzunguka mara mbili.

"Ni ule ugonjwa wake," alisema Papa kwa huzuni. "Amesahau kucheka, sasa amesahau kula."

Asha alifikiri kidogo. "Papa, mbona ukimpa chakula anasema hataki? Mtu aliyesahau kula angesema hataki?"

"Asha, maliza masomo yako," alisema Papa.

Mtaa mzima ukaleta dawa. Mmoja alisema Koko afungwe uzi mwekundu mkononi. Mwingine alisema aogeshwe kwa maji ya mvua. Mama Désiré alileta supu yenye pilipili nyingi, akaeleza kwamba inaamsha hata maiti. Tonton aliionja kwanza, na yeye ndiye aliyeamka: alikimbia mpaka kwenye mtungi wa maji.

"Bon," alisema alipoweza kusema tena. "Huyu mama hana haja ya supu. Mutu mwenye huzuni iko kama avion bila essence, ndege bila mafuta. Tumuwekee essence. Niachieni mimi."

Tonton Zuberi alikuwa kiongozi wa kikundi cha animation cha mtaa, wale waliocheza na kukiimbia Chama siku za sherehe. Siku ya pili alikileta chote uani: ngoma, filimbi, na wanawake waliovaa vikwembe vya aina moja. Walipiga ngoma mpaka kuku wakaruka ua na kwenda kuishi kwa Mama Désiré. Tonton alicheza mbele, akikata kiuno, jasho likimtiririka, akipiga filimbi usoni pa mama yake.

Koko akainuka. Watu wote wakapiga makofi.

Koko akabeba kiti chake, akaenda nacho jikoni, akakaa akiwapa mgongo.

"Ameinuka!" alisema Tonton, akihema. "Mumeona? Ni mwanzo!"

Asha alimfuata Koko jikoni. Machozi yalikuwa yakimshuka bikizee bila sauti. Asha alimfuta kwa kiganja chake. Alirudi nje, akamshika Papa mkono.

"Papa, twende dispensaire. Tafadhali."

Papa alimtazama mtoto wake, kisha akatazama mlango wa jiko. Hakusema habari ya masomo tena.

Walimkalisha Koko nyuma ya baiskeli. Papa alishika usukani, Mama alimshika Koko kiuno, na Tonton Zuberi alisukuma kutoka nyuma, Asha akiwa kando yake.

"Citoyenne abiria," alitangaza Tonton, "funga mukaba wako, tunaruka sasa hivi! Tafadhali usivute tumbako mpaka tushuke!"

Zamani Koko angecheka mpaka aanguke. Sasa alitazama njia tu. Walikwenda hivyo mpaka mwisho, na sauti pekee ilikuwa ya mnyororo wa baiskeli.

Muuguzi wa dispensaire aliitwa Citoyenne Kyakimwa, kwani siku zile kila mtu aliitwa raia kwa Kifaransa. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa. Alimfungua Koko mdomo, akatazama meno, akatazama kope za macho, akamsikiliza kifua, akamuuliza kama kuna mahali panapomuuma. Kisha akakaa.

"Mwili sioni shida kubwa, isipokuwa njaa," alisema. "Alors, nielezeni. Nyumbani anafanya nini mchana kutwa?"

Mama alishtuka. Alidhani maneno ya Mama Désiré yamefika mpaka dispensaire.

"Hafanyi kitu, citoyenne!" alisema haraka. "Naapa! Hata kikombe hainui!"

"Hata ufagio hagusi," aliongeza Papa, asije mke wake akabeba sifa zote. "Nimekataza."

"Akitaka kusimama, mimi namukalisha," alisema Tonton. "Kiti nimemupa mimi. Kina mikono miwili."

"Na mimi nilimnyang'anya ungo," alisema Asha.

Citoyenne Kyakimwa aliwatazama mmoja mmoja. "Kabla ya hapo alikuwa anafanya nini?"

"Alitwanga. Alifagia. Alichambua mchele," alisema Mama. "Lakini sasa, Mungu shahidi, hakuna tena!"

"Na kucheka ameacha lini?"

Mama alifungua mdomo, akaufunga. Papa alianza kuchunguza vifungo vya abakosti yake. Asha ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo, "Baada ya hapo."

"Sikilizeni," alisema muuguzi, na sauti yake kubwa ikashuka. "Huyu mama ana magonjwa mawili. Wa kwanza ni kusahau. Huo sina dawa yake, nisiwadanganye. Wa pili ni huzuni. Si huzuni ya siku moja kama ya mtu aliyepoteza kuku. Ni huzuni iliyokaa, inayoondoa usingizi na hamu ya chakula. Ni ugonjwa, na inaweza kumuua. Watu wakiiona kwa mzee anayesahau, wanasema ah, ndivyo kusahau kulivyo, wanamwacha. Lakini ugonjwa huu wa pili unatibika."

"Kwa sindano?" aliuliza Tonton, akirudi nyuma kidogo.

"Si wewe unayedungwa, citoyen. Hospitali kuna daktari, na vidonge vipo. Lakini kwanza mrudishieni kazi anayoiweza. Kaeni karibu naye mkiwa mnafanya. Msizungumze juu yake kama hayupo. Akikosea jina, msimvute kumsahihisha, mfuateni. Jumamosi mchana nitapita kwenu. Nikimkuta bado hali chakula, atakwenda kwa daktari siku ile ile."

Papa alishukuru. Mama alimfunika Koko mabega kwa kitambaa.

Kesho yake Mama alijaribu. Lakini aliogopa macho ya Mama Désiré, na aliogopa sombe isiharibike. Kwa hiyo alikiingiza kinu chumbani, akafunga dirisha, akatia ndani sombe aliyokwisha kuitwanga yeye mwenyewe.

"Koko, tusaidie kutwanga," alisema kwa sauti tamu.

"Saidia, Mama, saidia!" alisema Tonton, akipiga makofi kama anayemfundisha mtoto kutembea.

Koko aliinama. Akachovya kidole kimoja ndani ya kinu, akakitazama.

"Hii imetwangwa," alisema.

"Itwange tena kidogo tu..."

Koko aliweka mguu wake kwenye kinu, akasukuma. Sombe yote ilimwagikia miguu ya Tonton Zuberi. Kisha akarudi kwenye kiti, akageukia ukuta. Siku ile hata maji hakunywa.

"Alors, kazi haimufai," alisema Tonton, akijipangusa vidole.

"Tumemfanya mjinga," alisema Asha.

Mama alimkemea kwa kuwajibu wakubwa. Lakini usiku ule alipokuwa akiosha sufuria, Asha alimwona akisimama mara kwa mara na kuutazama mlango wa Koko.

Jumamosi ilikuwa siku ya Salongo, kazi ya pamoja ya kusafisha mji. Wakubwa wote walipaswa kutoka na majembe na mapanga, kuzibua mifereji na kukata nyasi. Papa alitoka na jembe begani na abakosti mwilini. Mama alimwachia Asha beseni kubwa la majani ya muhogo yaliyopitishwa kwenye maji ya moto.

"Citoyenne Kyakimwa anakuja mchana, na mgeni hapokelewi kwa sufuria tupu," alisema. "Ndizi za lituma nitazitwanga mimi nikirudi. Wewe twanga sombe. Na umwangalie Koko. Jaribu kumpa uji."

Koko alikataa uji. Asha aliuweka chini, akaburuta kinu mpaka kivulini karibu na baraza, akatia majani, akaanza kutwanga.

Asha alijua kusoma, alijua hesabu za mafungu, lakini kutwanga kwake kulikuwa kwa kuona tu. Alipiga kwa nguvu zote. Majani yaliruka nje. Alipiga ukingo wa kinu, mikono ikamwuma mpaka kwenye mabega. Maji ya kijani yalimrukia machoni, na jani moja likamganda kwenye paji la uso. Kuku walikusanyika kumzunguka na kula kilichoanguka. Alifikiria mchana, na muuguzi akiingia, na Koko akipelekwa hospitali akiwa amekonda vile, akataka kulia. Akapiga tena.

"We mutoto."

Asha aligeuka. Kiti hakikutazama ukuta tena.

"Hayo majani yamekukosea nini?" aliuliza Koko.

"Koko, sijui kutwanga."

"Naona. Hata kuku wanaona."

Asha alishusha mchi. "Nisaidie, Koko. Mgeni anakuja kula, na mimi nimeshindwa. Kweli nimeshindwa."

Koko alimtazama usoni kwa muda mrefu, kama anavyotazamwa samaki sokoni kabla ya kununuliwa. Aliutazama mkono wa Asha ulioanza kutoka lengelenge. Alilitazama beseni, ambalo lilikuwa bado limejaa. Kisha akashika mikono yote miwili ya kile kiti kizuri na kusimama.

Asha alikumbuka ua wa Mama Désiré. Alikumbuka aibu ya Mama. Akampa Koko mchi, akaenda kujichukulia mwingine jikoni.

"Usipige," alisema Koko. "Uinue, halafu uachie. Mchi una uzito wake, utaanguka wenyewe. Mimi nikipandisha, wewe shusha. Haya!"

Mwanzoni michi iligongana. Koko aliguna na kuanza upya. Ikagongana tena. "Mwamini, umelala?" alifoka.

Mwamini alikuwa mdogo wake Koko, aliyekufa kabla Papa hajazaliwa. Zamani Asha angesema, "Mimi si Mwamini, mimi ni Asha." Sasa alisema, "Sijalala, dada."

"Basi fuata mkono wangu. Toka utoto unafuata kuku tu."

Akaufuata. Mmoja ulipanda, mwingine ukashuka, tu-tu, tu-tu, na majani yakabaki ndani ya kinu kama yaliyoamrishwa. Koko alikuwa dhaifu, kwa hiyo walipumzika mara nyingi, na kila walipopumzika Koko alitukana majani ya siku hizi. Asha hakuwahi kusikia matusi mazuri kama yale.

Waliinjika sufuria. Moto aliushughulikia Asha. Koko akatia vitunguu na samaki mkavu, akatia chumvi. Baada ya kidogo akanyoosha mkono kutia chumvi tena. Asha alisogeza chupa ya mafuta ya mawese pale ilipokuwa chumvi, na Koko akatia mafuta, bila ubishi wowote.

Kisha Koko akachukua mwiko, akadondosha sombe kwenye kiganja, akalamba. Asha akaacha kupumua.

"Bado," alisema Koko. Akakoroga, akaonja tena. "Bado kidogo." Akaonja. Akavunja kipande cha samaki, akakitafuna kwa makini sana, macho juu. "Samaki ndiye anayechelewa." Akaonja kwa kijiko. Asha alimsogezea bakuli dogo kama vile limepita tu njiani, na Koko akaonja kwa bakuli. Mtu aliyekataa kila sahani aliyoletewa kama mgeni alikuwa sasa mpishi, na mpishi ambaye haonji ni nani? Alipofika mahali pa kusema "Sasa," bakuli lilikuwa limekwisha.

Ndipo Mama akaingia uwanjani, miguu imejaa tope la mfereji. Nyuma yake alikuja Mama Désiré na jembe lake. Walimkuta Koko ameanza tena kutwanga majani yaliyobaki kwenye beseni, akiimba wimbo wa kwao.

"Yoo!" alipiga kelele Mama Désiré. "Mama Asha! Muzee iko na mchi! Mchana kweupe! Batu batasema nini?"

Mama alisimama. Alimtazama Koko. Mdomo wa Koko ulikuwa wa kijani mpaka kidevuni.

"Amekula?" alinong'ona.

"Ameonja, Mama," alisema Asha. "Ameonja sana."

Mama alivuta pumzi, akamgeukia jirani yake. "Batu baseme," alisema. "Na wewe, rafiki yangu, weka jembe, nawa mikono. Ndizi za lituma zinangoja kutwangwa."

Mama Désiré hakuwa amejiandaa kwa jambo kama hilo. Akanawa, akashika mchi. Hakuwa ametwanga hata mara tatu, Koko akamsogelea.

"Nani amemufundisha huyu?" aliuliza Koko kwa mshangao. "Mwamini, njoo uone. Iko mwingine zaidi yako!"

Mama akacheka kwanza, kisha Asha, na mwisho Koko mwenyewe, kile kicheko chake cha zamani kilichomlazimisha kushika ubavu. Mama Désiré alitaka kukasirika, akashindwa. Papa na Tonton Zuberi walisikia kutoka njiani na kuja mbio, wakidhani kuna ajali.

Citoyenne Kyakimwa alifika mchana kama alivyoahidi. Alimkuta Koko amekaa mkekani na wengine, akila lituma kwa sombe. Alinawa, akakaa katikati yao, akala bila kuuliza chochote. Aliposhiba alimtazama Asha.

"Ulimdanganya vipi?"

"Sikumdanganya, citoyenne. Nilikuwa nimeshindwa kweli."

Muuguzi aliitikia kwa kichwa. "Ninyi nyote, na hasa wewe mwanafunzi, shikeni neno hili," alisema. "Mzee anayesahau majina yenu hajasahau kuona uchungu. Anajua akidharauliwa, na anajua akihitajiwa. Mlimpenda, hilo sikatai. Lakini mlimpenda kama kitu cha kuwekwa juu ya kabati. Mzee ana haki ya kupumzika, na ana haki ya kuwa na kazi. Kusahau kwake kutabaki, na huzuni inaweza kurudi siku nyingine. Ikirudi, msiseme ni uzee. Mleteni mapema, kama mnavyomleta mwenye homa. Na ninyi majirani, kabla ya kusema watu wanasema..."

Mama Désiré alianza kukohoa, akisema ni mwiba wa samaki.

Papa alikuwa akiyafikiria maneno yale, macho chini. "Citoyenne, umetufundisha," alisema. "Mimi nilidhani kumheshimu mama yangu ni..."

Koko Zaina aligonga sufuria kwa mwiko.

"Mumemaliza mahubiri?" aliuliza. "Kuleni basi, sombe inapoa. Na huyu mufupi mwenye sauti kubwa muongezeeni. Anafanya kazi."